Umeme wa Bure na Michango Yake



Wapendwa waamini, husemwa kwamba sumaku zikipangwa vema kulizunguka gurudumu, zitalizungusha milele na kutoa umeme bila mafuta, bila maji, bila jua. Yangekuwa maneno ya kuchekesha tu, ningenyamaza. Lakini huandamana na ombi la fedha, tena kwa jina la Mungu: eti Muumba ametupa nishati ya bure, wakubwa wanaificha. Hapo padre hana budi kusema.

Sumaku si kisima cha nishati. Gurudumu likiikaribia huvutwa, likitaka kuondoka huzuiwa kwa kiasi kilekile. Mzunguko ukitimia faida ni sifuri, na msuguano bado unadai chake.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1648 John Wilkins, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana (haki tuitambue popote ilipo), alieleza mtambo ambamo sumaku huvuta gololi ya chuma kupanda mteremko, gololi itumbukie tunduni, irudi chini, ivutwe tena. Akaonesha pia kasoro yake: sumaku iwezayo kuivuta kutoka mbali, itaiachaje ianguke ikiwa karibu? Huko Philadelphia, Marekani, John Keely alikusanya fedha za wanahisa tangu 1872 hadi alipofariki 1898, bila kuuza mota hata moja. Baada ya kifo chake, chini ya sakafu ya karakana yake lilikutwa tufe kubwa la chuma, lifaalo kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino alifundisha kwamba kila kinachosogea husogezwa na kingine, mpaka tufike kwa Mungu. Hawa wamekomea kwenye gurudumu.

Naambiwa navunja moyo vijana wabunifu. La! Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilipokataa kupokea tena mitambo ya mwendo wa milele, ilitaja familia zilizofilisika na mafundi hodari waliopoteza mali na vipaji vyao humo. Kijana awezaye kusuka mota iliyoungua ana kazi ya heshima tayari. Anayemtuma kutafuta umeme usio na chanzo ndiye amwibiaye.

Ukioneshwa mtambo huo, omba betri iondolewe, nyaya zote ziwe wazi, nao uwashe balbu mwezi mzima kabla hujatoa shilingi. Hapa parokiani, tangazo la mchango wa namna hiyo halitasomwa baada ya Misa.