Pikipiki ya Kijana na Bangili za Mama

 

Mama mmoja wa Kisauni, msomaji wa ukurasa huu, alitujia nyumbani baada ya sala ya alasiri akiwa na jambo lililomnyima usingizi. Mwanawe, kijana wa miaka 22, anafanya kazi katika ghala moja la Industrial Area, Nairobi, na amepanga chumba Sarang'ombe, upande wa Olympic, huko Kibera. Kijana ameona pikipiki ya spoti iliyotumika, Yamaha R15, ameipenda, na amemwomba mamake amsaidie fedha. Akiba ya mama ni bangili nne za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Akatuuliza: "Sheikh, nikimpa, nitakuwa nimemnunulia kipando au nimemnunulia sanda?"

Hatukumjibu siku ile. Kulijibu jambo usilolijua ni kumdhulumu aliyeuliza. Sisi pikipiki tuliyoizoea ni Honda hamsini, tuliyoipanda ujanani tulipokuwa tukisomesha madrasa mbili zilizo mbalimbali. Haikuwa na mkono wa klachi, ilikuwa na ngao mbele ya miguu, na mtu aliweza kuipanda na kanzu yake akafika msafi. Jamii hiyo ya pikipiki, Super Cub, Honda walianza kuiunda mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 walikuwa wametimiza milioni 100. Hiyo ndiyo elimu yetu, nayo haikutosha kumjibu mama yule. Basi tulipopanda Nairobi kuhudhuria nikaha ya jamaa yetu huko Makina, tulimtafuta kijana.

Makina ni mtaa wa ndugu zetu Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza la KAR, na ndio waliopaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Kutoka hapo hadi Sarang'ombe ni mwendo wa miguu. Leo msitu haupo. Ipo Kibera Drive yenye lami, na juu yake matatu, mikokoteni, watoto wa shule, wauza samaki na bodaboda, kila mmoja akidai njia. Ukiiacha lami unaingia vichochoroni, ambako mitaro iko wazi na masika hugeuza udongo kuwa utelezi. Tuliyaangalia haya kwa makusudi, kwa kuwa kipando huhukumiwa kwa njia kitakayopita.

Kijana alitupokea kwa adabu. Alitueleza kwamba hutoka baada ya sala ya alfajiri, hupanda matatu mbili, na mvua ikinyesha nauli hupanda na foleni haisogei. Jioni hurudi amechoka, mara nyingi isha imekwishasaliwa. Tukaona kwamba haja yake ni ya kweli. Wazazi wengi hudhani kijana akitaja pikipiki ametaja mchezo. Huyu alitaja saa mbili au tatu za kila siku ya maisha yake, na mwenye kumjibu lazima aanzie hapo.

Kisha akatuonyesha picha yake katika simu. Ni pikipiki nzuri, hatutasema uongo. Akatuambia: "Sheikh, mama anaogopa bure. Ni cc 150 tu, sawa na Boxer za bodaboda." Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka wasomaji wetu walitazame vizuri.

Hizo cc ni sentimita za ujazo, yaani nafasi iliyomo ndani ya silinda ya injini. Hazielezi injini ina nguvu kiasi gani. Boxer ya cc 150 hutoa nguvu za farasi takriban 12, ikiwa inazunguka kiasi cha mara 7,500 kwa dakika. R15 ya toleo la mwaka 2017, yenye cc 155 na injini inayopozwa kwa maji, hutoa takriban 19 kwa mizunguko 10,000. Ujazo unakaribiana, lakini nguvu imezidi kwa zaidi ya nusu. Tena nguvu hiyo imewekwa juu kabisa: ukiiendesha pole injini hutulia kama iliyolala, na ili uionje huna budi kuizungusha mpaka ilie. Kwa mjuzi hiyo ni ladha. Mwanagenzi anaweza kujifunza kwayo mazoea mabaya tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Fundi mmoja wa karibu na Olympic alitushika mkono akatuonyesha magurudumu. Boxer nyingi zinazobeba watu hapo zina breki za mtindo wa zamani, zilizofungwa ndani ya kitovu cha gurudumu. R15 ina breki za diski mbele na nyuma, tairi pana zaidi, na fremu iliyo imara isiyoyumba kwenye kona. Akasema, "Sheikh, kwa kusimama, hii ya spoti inaishinda ile." Tulikubali. Mama yule alidhani kwamba pikipiki ya kawaida ni salama na ya spoti ndiyo hatari. Sivyo. Breki ya spoti ni bora, na Boxer nayo imezika vijana wengi. Asiyejua kuendesha hatakingwa na sura ya chombo.

Lakini fundi huyohuyo alituonyesha na mengine. Usukani wa spoti uko chini, na mwendeshaji huinama mbele, uzito wake ukaegemea viganja. Katika barabara wazi hilo humsaidia dhidi ya upepo. Katika foleni ya Ngong Road ni maumivu ya viganja na mgongo. Usukani huo pia haukati kona sana, kwa hiyo kugeuza kichochoroni ni kazi. Mwanagenzi huanguka, na aghalabu huanguka akiwa karibu kusimama, bila mwendo. Boxer ikilala upande huinuliwa ikaendelea. Ya spoti imevikwa plastiki mwili mzima, na kila anguko ni ganda lililopasuka. Vipuri vya Boxer vinapatikana katika kila duka la vipuri la Kibera; ganda la R15 hutafutwa, na likipatikana si rahisi.

Dada zetu nao wana lao la kuuliza: kijana huyu akioa, au mamake akimtembelea, nani atakaa nyuma? Kiti cha nyuma cha spoti ni kidogo, kiko juu, na abiria huinamia mgongo wa mwendeshaji. Mwanamke mwenye buibui hana pa kukusanya vazi lake. Pikipiki nyingi za kawaida zitokazo India zina kinga ya chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya wanawake wavaao sari, nayo huwafaa wavaao buibui pia. Kwenye za spoti kinga hiyo mara nyingi haipo. Vazi likiingia kwenye mnyororo au kwenye gurudumu, humvuta mtu chini kabla hajapata kupiga kelele. Kwa hivyo, mama na dada zetu, kabla hamjapanda kipando chochote cha namna hii, kusanyeni mavazi, yafungeni, na mtake kofia ngumu. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka abiria naye avae kofia hiyo na koti linaloakisi mwanga, na inamkataza mwendeshaji kubeba zaidi ya abiria mmoja. Wale watatu tuwaonao juu ya bodaboda moja wamevunja sheria, na waliokubali kupanda wamo.

Tulimuuliza kijana kuhusu leseni. Akacheka kidogo. "Wenzangu wa bodaboda, Sheikh, walifundishana uwanjani jioni moja, kesho yake wakaanza kazi." Tukamwambia kwamba hilo twalijua, na kwamba kwa sababu hiyo wadi za mifupa katika hospitali zetu hazipungukiwi na wagonjwa. Kwetu Kenya leseni ya daraja la A2, kwa pikipiki iliyozidi cc 50, hutolewa kuanzia umri wa miaka 18. Anayetaka kubeba watu kwa malipo ahitaji daraja la A3 na umri wa miaka 21. Kule Uingereza mwanagenzi wa miaka 17 huruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, akiwa amepata mafunzo ya msingi na amebandika alama ya L. Haruhusiwi kubeba abiria wala kuingia barabara kuu za mwendo wa kasi. Pikipiki ndogo za spoti kama Honda CBR125R ya mwaka 2004 ziliwapata wanunuzi wengi miongoni mwa wanagenzi hao. Kwa hiyo chombo kile hakikuwa kibaya kwa mwanafunzi, maadamu kilikuja pamoja na mafunzo na mipaka. Sisi twakichukua chombo peke yake, tukaviacha vile viwili.

Tukafanya naye hesabu ndogo. Mtu aendaye kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja, nayo sekunde hiyo hupotea kabla mkono haujabana breki. Akienda 80, hupita mita 22. Na tangu breki iliposhika, masafa ya kusimama hayawi mara mbili, bali mara nne. Mtoto anayevuka Kibera Drive kufuata mpira hangoji hesabu hiyo ikamilike. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuwa amelifikiria hivyo.

Waislamu wote tunakijua kisa cha ngamia na mwenyewe aliyefunzwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Dua ya kupanda kipando tunawahifadhisha watoto wetu wangali wadogo, na ni jambo la kheri. Lakini kuisoma dua hiyo kichwa kikiwa wazi ni kuitaka hifadhi na kuutupa ulinzi. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Kamba ya ngamia wetu ni hiyo.

Tuliporudi Mombasa tulimwita mama, tukampa jibu letu, nalo ni hili. Usimkatalie kabisa. Kijana wa miaka 22 akikataliwa atapanda ya rafikiye, usiku, bila kofia, nawe hutajua ila kwa simu ya hospitali. Wala usimpe fedha mkononi ukajitoa. Bangili ya kwanza iwe ya shule ya udereva na leseni. Kisha inunuliwe kofia ngumu yenye alama ya ubora ya KEBS, glavu, koti na viatu vinavyofunika vifundo. Kisha bima na hati ya usajili iliyo kwa jina lake. Pikipiki ije mwisho, na iwe ya cc 125 au 150 yenye usukani wa juu na breki ya diski mbele, kwa kuwa zipo. Akitimiza mwaka mzima juu ya hiyo, akafahamu mashimo, utelezi na tabia za matatu, na moyo wake ukawa bado uko kwa ile ya spoti, basi na ainunue kwa jasho lake. Hatuoni dhambi katika kupenda kitu kizuri. Na asiingie katika mkopo wa riba kwa kuharakia. Bangili zinazobaki ziwe zako, mama.

Mama aliuliza: "Na akianguka juu ya hiyo ya kawaida?" Hatukuwa na ahadi ya kumpa. Tulimwambia ukweli, kwamba hakuna pikipiki isiyoangusha, na kwamba mzazi hana uwezo wa kuiondoa hatari yote, bali ana wajibu wa kuipunguza kadiri awezavyo, kisha akabidhi lililobaki kwa Mwenye kulimiliki. Alilia kidogo, akajipangusa kwa mtandio, akatoa bangili moja.

Hadi tunapoandika haya, kijana anahudhuria mafunzo siku za Jumamosi, na pikipiki haijanunuliwa. Alitupigia simu kulalamika kwamba mwalimu amemfanya azunguke vigingi kwa mwendo wa mtu anayetembea, saa nzima, na kwamba ni kazi ngumu kuliko alivyodhani. Tulifurahi kuyasikia malalamiko hayo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali nasi, awarejeshe majumbani mwao salama kila jioni, na atupe sisi wazazi hekima ya kutoa na ya kuzuia.