Ahadi ya Siku Moja

Tangu Bitcoin ilipovuka dola 100,000 mnamo Desemba 2024, wapo wanaoamini kuwa lazima itaanguka, na wanatafuta namna ya kupata pesa siku hiyo ikifika. Huambiwa kuwa njia ni nyepesi: wanunue katika soko la hisa la Marekani mfuko wa ETF, yaani mfuko wa uwekezaji unaouzwa sokoni kama hisa, ambao thamani yake hupanda Bitcoin inaposhuka. Sina ugomvi na anayeamini Bitcoin itashuka. Ugomvi wangu ni na maneno yanayotumika kuinadi mifuko hii, kwa kuwa yanaweza kumtia mtu hasara hata pale alipobashiri sawasawa.

Dai la kwanza ndilo lenye madhara kuliko yote: “Bitcoin ikishuka asilimia 30 mwaka huu, mfuko utanipa faida ya asilimia 30.” Hapana. Uchukue mfuko wa BITI wa kampuni ya ProShares, uliozinduliwa tarehe 21 Juni 2022 ukiwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Unacholenga ni kinyume cha mwendo wa Bitcoin kwa siku moja ya soko. Siku ikiisha, wasimamizi wake hupanga upya mikataba ya mfuko inayofuata bei ya Bitcoin, na kesho yake hesabu huanzia kwenye thamani mpya.

Tuifanye hesabu yenyewe. Bitcoin iko 100, nawe umeweka 100 kwenye mfuko. Leo Bitcoin inapanda asilimia 10 na kufika 110. Fedha zako zinabaki 90. Kesho inarudi 100, yaani imeshuka asilimia 9.09. Mfuko nao unapanda asilimia 9.09, lakini ni ya 90, si ya 100, kwa hiyo unaishia 98.18. Bitcoin imerudi pale pale ilipokuwa, wewe umepungukiwa. Hakuna aliyekuibia, mfuko umetimiza ahadi yake siku zote mbili. Rudia panda-shuka hiyo mara kumi, yaani siku 20 za soko, na utabakiwa na kama 83, hata kabla ya kukatwa ada.

Kwa haki niseme pia upande wa pili. Bitcoin ikishuka asilimia 10 kwa siku tatu mfululizo, itafika 72.9, na mfuko utafika 133.1. Imeanguka asilimia 27.1, wewe umepata asilimia 33.1. Kwa hiyo anguko la moja kwa moja hukulipa vizuri, na anguko la kupanda na kushuka hukumaliza kidogo kidogo. Anayeushika mfuko huu kwa miezi anabashiri mambo mawili: kwamba Bitcoin itashuka, na kwamba haitayumba sana njiani. Hilo la pili hakuna anayemwambia, na Bitcoin inajulikana kwa kuyumba.

Wengine husema: “Basi chukua wa mara mbili, faida ni mara mbili.” Ipo kweli, kama SBIT ulioanza Aprili 2024. Uingize kwenye hesabu ile ile. Siku ya kwanza unakuacha na 80, siku ya pili 94.55. Baada ya mizunguko kumi una 57, na Bitcoin bado ni 100. Karibu nusu ya pesa imekwenda bila bei kusogea popote. Kwa kweli natamani kila kijana anayefungua akaunti kwa dalali wa nje aifanye hesabu hii kwa mkono wake kabla ya kutuma pesa.

Dai jingine ni kwamba “huwezi kupoteza zaidi ya ulichoweka.” Hili ni kweli, tena ni tofauti kubwa na yule anayekopa sarafu na kuiuza akitegemea kuinunua tena kwa bei ya chini, huyo hasara yake haina kikomo. Lakini ukweli huu usimtulize mtu kupita kiasi. Mwaka 2018 kulikuwa na hati ya uwekezaji ya benki ya Credit Suisse iliyoitwa XIV, iliyojengwa kwa kanuni hiyo hiyo ya kinyume cha siku, dhidi ya mtikisiko wa soko la hisa la Marekani. Tarehe 5 Februari soko lilitikisika, na hati ile ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, kisha ikafungwa. Wenye nayo hawakudaiwa senti ya ziada, ila walichoweka kilikuwa karibu chote kimekwenda.

Wapo pia wanaosema: “Mifuko hii imeidhinishwa na serikali ya Marekani.” Kuruhusiwa kuuzwa si kupendekezwa. Tangu 2009 FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa huko, kimewaonya madalali kuwa mifuko ya kinyume inayojipanga upya kila siku kwa kawaida haimfai mwekezaji mdogo anayetaka kuishika zaidi ya siku moja ya soko.

Na wanaosema kuupata ni suala la kuandika jina tu? Angalia herufi. BITI hupanda Bitcoin ikishuka. BITO, wa kampuni hiyo hiyo, hupanda Bitcoin ikipanda. Ukikosea herufi moja umenunua kinyume cha ulichokusudia. Toronto nako kulikuwa na mfuko mwingine wenye alama ya BITI tangu Aprili 2021, wa kampuni tofauti. Tazama na tarehe mifuko hii ilipozinduliwa. BITO ulianza tarehe 19 Oktoba 2021, wiki tatu hivi kabla ya Bitcoin kufika kilele chake cha wakati huo, karibu dola 69,000. BITI ulikuja ikiwa imeshaporomoka hadi kwenye dola 20,000 hivi. Novemba 2022 FTX, soko la kubadilishia sarafu za kidijitali, lilipoanguka, Bitcoin ilishuka chini ya 16,000, na waliouza BITI wakati huo walipata. Waliong’ang’ania walishuhudia bei ikipanda hadi ile 100,000.

Yupo anayefaidika na mfuko huu. Ni mwenye Bitcoin asiyetaka kuiuza, lakini anahofia tukio fulani, tuseme uamuzi wa riba wa Benki Kuu ya Marekani. Uamuzi hutangazwa saa nane mchana kwa saa za New York, soko likiwa na saa mbili kabla ya kufungwa. Ananunua BITI asubuhi ya huko, anasubiri tangazo, na anauza kabla ya kengele ya kufunga.