Oicha: Mapatano ya familia yasingoje matanga

Nje ya Beni, watu wengi wanaijua Oicha kwa hesabu ya waliouawa. Redio ikitaja mji huu ulio kilometa 30 hivi kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayoelekea Eringeti na Bunia, msikilizaji anangoja idadi: wangapi wameuawa, nyumba ngapi zimechomwa, wangapi wamekimbia. Idadi ikishatolewa, habari imekwisha. Lakini waliobaki wanaendelea kuishi. Wanapendana, wanazaa, wanagombana na wazazi wao, wanazika. Na ndani ya mambo hayo ya nyumbani kuna kidonda ambacho hakuna mtu anayekihesabu: familia zilizoachana kwa sababu ya ndoa za vijana, na ambazo zinakutana tena siku tu mmoja wao amekufa.

Filamu moja ya Kongo iligusa kidonda hicho mwaka wa 2023. Inaitwa "Augure", kazi ya Baloji, mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, katika kitengo cha Un Certain Regard, na ikapata zawadi ya sauti mpya. Ndani yake tunasikia Kifaransa, Lingala na Kiswahili, kama vile tunavyozisikia lugha hizo katika miji yetu.

Kisa chake si kigeni kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini. Koffi alisukumwa mbali na familia yake tangu utoto kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Mama yake mwenyewe alimwona kama mchawi. Miaka mingi baadaye anarudi kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake Alice, mwenye mimba ya mapacha. Anakuja kutoa mahari na kuomba baraka. Baba, ambaye kazi yake ni mgodini, hajitokezi. Katika kikao cha familia pua ya Koffi inatoka damu, matone yanamwangukia mtoto mchanga aliyempakata, na ndugu wanapiga kelele kwamba uchawi umerudi. Pembeni ya kisa hicho kuna Paco, kijana wa barabarani anayemlilia dada yake aliyekufa, na ambaye hana mtu mzima wa kumsaidia kubeba kilio chake.

Jambo la kushika katika filamu hiyo ni kwamba mali ipo. Koffi ameileta. Kinachokosekana ni watu wa kuipokea. Oicha mambo yamegeuka: watu wa kupokea wapo, na wengi wangefurahi kupokea, lakini mali haipo. Hata hivyo mwisho ni uleule. Mtoto anabaki nje ya mlango wa wazazi wake.

Kwa nini mali haipo? Jibu halifichiki. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohesabiwa kuwa ya waasi wa ADF yamewatoa watu wa wilaya ya Beni mashambani mwao. Mwishoni mwa 2019, baada ya jeshi kuanza operesheni tarehe 30 Oktoba, mashambulizi yaliongezeka, na mitaa ya Oicha iliyokuwa imewapokea wakimbizi wa Eringeti na wa vijiji vya jirani ikawa yenyewe inakimbia kwenda Beni na Butembo. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, na mwishoni mwa mwaka huo jeshi la Uganda likaingia kupigana pamoja na jeshi la Kongo. Mwenye shamba la kakao amekaa miaka akisikia tu kwamba matunda yake yanavunwa na mtu mwingine, ao yanaoza. Mbuzi ambao baba angewatoa kwa ajili ya ndoa ya mtoto wake waliibiwa, waliliwa, ao waliuzwa ili kulipa kodi ya nyumba.

Katika hali hiyo vijana hawakuacha kupendana. Chukua mfano ambao kila mtaa wa Oicha unaufahamu. Mvulana na msichana wamekutana katika nyumba za mapokezi, familia mbili zikigawana ua mmoja na jiko moja. Wamefiwa wote wawili. Pengine ndicho kitu cha kwanza walichozungumzia. Miezi ikapita, wakakubaliana, lakini mvulana hana hata kuku wa kupeleka kwa wakwe. Basi wanaanza kukaa pamoja bila sherehe, ile ndoa ambayo Kongo nzima inaiita "yaka tofanda", njoo tukae. Baba wa msichana anasikia, na mbele ya majirani anasema maneno ambayo hayarudishwi kirahisi: huyu si mtoto wangu tena.

Tangu siku hiyo msichana hapiti tena mbele ya nyumba yao. Mjukuu anazaliwa, bibi anamwona kwa siri sokoni. Baba na mkwe wakikutana barabarani kila mtu anageuza uso. Vita viliwafukuza kijijini. Ugomvi huu ukawafukuza mmoja kutoka kwa mwingine.

Ni rahisi kumlaumu baba huyo, na vijana wengi wanamlaumu. Lakini lawama hiyo ni ya haraka. Katika desturi za Wanande, Wambuba na majirani wao, mbuzi wa ndoa si bei ya msichana. Ni alama kwamba familia mbili zimefahamiana, kwamba mwanamke akionewa kuna watu wa kusimama, na kwamba watoto watakaozaliwa wana majina na wajomba. Sheria ya familia ya Kongo yenyewe, ya mwaka wa 1987 na iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaidai mahari katika ndoa. Baba aliyepoteza shamba, nyumba na pengine ndugu zake, anaona kwamba heshima ya kumtoa binti yake vizuri ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki mkononi mwake. Mtu anapokuja kuichukua bila hata kubisha hodi, anahisi kwamba ameibiwa mara ya pili. Hasira yake ni huzuni ambayo haikupata mahali pa kulia.

Vilevile si kila penzi linalojificha chini ya jina hilo ni penzi. Sheria inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Msichana wa miaka 15 aliyechukuliwa na mwanaume mzima kwa sababu ya njaa ya wakimbizi hakupewa nafasi ya kuchagua. Katika kesi ya namna hiyo mzazi anayekataa yuko upande wa haki, na hakuna mbuzi ao mapatano ya wazee yanayopaswa kulifunika jambo hilo. Na mzazi anayemsukuma mtoto wake kwa mtu mwenye pesa ili familia ipate kula, huyo naye anajenga mfarakano wa kesho. Filamu ya Kitanzania "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka wa 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, inaonyesha mfarakano huo vizuri. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, anaozwa kwa mzee, anamkimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, na anapendana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Waingereza. Anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, kwa sababu wa damu yake hawakumtaka. Yasmin wa Oicha pia wapo, na wao pia mara nyingi wanapokelewa na jirani.

Kwa hiyo mazungumzo haya yanawahusu vijana wazima waliopendana kwa hiari, na wazazi waliokasirika kwa sababu ya mali iliyokosekana. Hao ndio wanaoweza kupatana. Na hao ndio wanaochelewa.

Kuchelewa huko kunaonekana kwenye matanga. Mwanamke akifa kabla mahari yake haijatolewa, katika makabila mengi ya Kongo ndugu zake wanaweza kukataa azikwe mpaka mume amalize deni. Mwanaume aliyefiwa anaanza kuzunguka akikopa ili apate kumzika mke wake. Watoto wanaangalia wajomba wao, ambao labda wanawaona kwa mara ya kwanza, wakihesabu pesa karibu na maiti ya mama. Wazee wanasema kwamba hiyo ni njia ya kumrudishia marehemu heshima yake. Lakini heshima iliyonyimwa mtu akiwa hai, akiwa na mimba, akiwa na njaa katika nyumba ya wenyewe, hairudi kwa pesa zinazohesabiwa mbele ya jeneza. Katika mji ambao mtu anaweza kwenda shamba asubuhi na asirudi jioni, kusema "tutapatana siku moja" ni kucheza na siku ambazo hakuna aliyeahidiwa.

Wengine watajibu kwamba desturi ni desturi, haiguswi. Oicha yenyewe imeonyesha kwamba inaguswa. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 Ebola iliua watu 2.287 katika mashariki ya Kongo, na eneo la afya la Oicha lilikuwa kati ya yaliyopigwa. Kwa miaka karibu miwili watu walikatazwa kuosha maiti za wapendwa wao, kuzigusa, kuzilaza nyumbani usiku kucha. Haikukubaliwa bila vita. Palikuwa na hasira, timu za mazishi zilipigwa mawe, uvumi ulizunguka kila mahali. Hali ilianza kutulia pale ambapo familia ziliruhusiwa kusimama karibu, kuomba na kumwaga mtu wao, hata bila kumgusa. Watu hawakutupa desturi. Walishika kiini chake, yaani kumpa marehemu heshima, wakaacha kile ambacho kingewaua walio hai.

Kama tuliweza kubadilisha namna ya kuwazika wafu ili tuishi, tunaweza kubadilisha namna ya kuwapokea watoto wetu ili tuishi pamoja. Kiini cha mahari ni familia mbili kukaa chini na kutambuana. Hicho hakihitaji mbuzi kumi katika mwaka ambao shamba halifikiwi. Mbuzi mmoja leo, na ahadi ya wengine amani ikirudi, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kinatosha kufungua mlango. Mahari kutolewa kidogo kidogo si jambo jipya. Mababu pia walikuwa na madeni ya ndoa yaliyodumu miaka. Jipya ni kumkana mtoto wakati deni bado halijaisha.

Wenye kuweza kuanzisha hayo wanajulikana. Wazee wa koo, machifu na wachungaji wa makanisa ya Oicha ndio wanaoitwa kila mara palipo na matanga. Waitwe mapema zaidi. Kanisa linalotangaza ndoa za wenye uwezo Jumapili linaweza pia kuuliza kimya kimya ni nyumba gani baba na binti hawasemezani. Na koo zinaweza kukubaliana juu ya jambo moja la kwanza, ambalo halihitaji pesa ya mtu: maiti isizuiliwe kwa ajili ya mahari. Deni likiwepo, lizungumzwe baada ya mazishi, kati ya watu wazima.

Hapa filamu inarudi. Baba aliyesema "huyu si mtoto wangu" mbele ya majirani hawezi kwa urahisi kuyameza maneno yake mbele ya majirani haohao. Akihubiriwa, atajitetea. Akishitakiwa, atakuwa mkali zaidi. Lakini akikaa kati ya watu na kumwona baba mwingine kwenye kioo, akiongea lugha yake, akikosea kama yeye, anaweza kulia bila mtu kujua analilia nini. Ndiyo kazi ambayo hadithi za mapenzi zinafanya, na ndiyo sababu si upuuzi kuzungumzia mapenzi katika mji wenye makaburi mengi.

Vijana wa Oicha wanaangalia filamu za Nigeria, za India na za Kituruki kwenye simu na kwenye vibanda vya vidiyo. Wanajua jinsi watu wa Lagos na Istanbul wanavyoachana na kurudiana. Juu yao wenyewe wanaona zaidi picha za maiti zinazozunguka kwenye simu. Goma, kituo cha Yolé!Africa kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko kimefundisha vijana kwa miaka kuelekeza kamera kwenye maisha yao wenyewe. Kutoka Beni mpaka Butembo hawakosekani wenye simu nzuri, wenye kuchekesha na wenye kuigiza kanisani. Filamu ya Oicha haihitaji milio ya risasi. Inahitaji ua wenye familia mbili, msichana, mvulana, baba aliyenyamaza, na bibi anayemwona mjukuu wake kwa siri sokoni. Kila mtu atajua vita viko wapi.

Mwisho wa filamu hiyo watakaouamua ni waandishi wake. Mwisho wa kisa chenyewe uko mikononi mwa wazazi na watoto ambao leo bado wanapumua, na ambao wengi wao wanakaa mitaa miwili ao mitatu mmoja kutoka kwa mwingine. Mtu anaweza kwenda kwa miguu jioni hii, kabla giza halijaingia, akabisha hodi. Mbuzi watafuata.