Maumivu Yaanziayo Kiunoni Yakaishia Unyayoni

Ibanda inayotajwa hapa si ile ya Ankole yenye wilaya yake, bali ni ile iliyo chini ya Mlima Rwenzori, kaskazini-magharibi ya mji wa Kasese, mahali ambapo safari ya gari hukoma na safari ya miguu ikaanza. Kutoka hapo, penye kituo cha Nyakalengija, wapanda mlima hufuata bonde la mto Mubuku kuelekea kwenye theluji, na pamoja nao huenda wachukuzi wa Kikonzo wakiwa wamebeba chakula, sufuria, mablanketi na mafuta ya taa. Wakonzo ndio waliobeba mizigo katika bonde hilo mwaka 1906, wakati Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita chenye urefu wa meta 5,109, na watoto wa watoto wao bado wanabeba hadi leo. Siku ya kwanza peke yake, mpaka kwenye kambi ya Nyabitaba, mchukuzi hupanda kiasi cha meta 1,000.

Mtu angedhani kwamba mgongo wa mchukuzi huharibikia huko juu, katika matope na mizizi. Mara nyingi sivyo. Huharibikia pale chini, kabla safari haijaanza, mtu anapoinama kwa pupa kuuinua mzigo kutoka ardhini akiwa na miguu iliyonyooka na kiuno kilichopinda kwa upande. Husikia kitu kikikatika kiunoni, akatabasamu ili wenzake wasimcheke, akaendelea na safari. Jioni maumivu yamehama kiuno, yameshuka kwenye kalio, yakapita nyuma ya paja na kufika kwenye ndama ya mguu, mengine hata kwenye kidole gumba, yakiwaka kama pilipili. Asubuhi hawezi kuvaa kiatu. Na mchukuzi asiyebeba halipwi. Karo ya shule iliyotegemea safari ile imekwisha kuingia mashakani.

Nyumbani hukumu hutolewa haraka. Mmoja husema ni baridi ya mlima iliyoingia mifupani, mwingine husema kuna jirani mwenye kijicho aliyemtegea njiani. Mguu hukandwa, huchanjwa kwa wembe, hupakwa majivu na mafuta. Lakini mguu hauna kosa lolote. Unapiga kelele kwa niaba ya mgongo.

Mshipa wa fahamu uitwao siatiki ndio mnene kuliko yote mwilini. Katika kalio unene wake unakaribia ule wa kidole. Mizizi yake hutoka baina ya pingili za chini za uti wa mgongo, ikaungana, ikapita chini ya nyama za kalio, ikashuka nyuma ya paja, na karibu na goti ikagawanyika kwenda kwenye ndama na unyayo. Baina ya pingili na pingili kuna diski, yaani mto mdogo wa gegedu wenye ute mzito katikati. Mto huo ukibanwa vibaya huweza kutumbuka kwa nyuma na kuugandamiza mzizi wa mshipa, na ute uliotoka huuwasha mzizi huo kama chumvi kwenye kidonda. Mzizi ukigandamizwa kiunoni, ubongo husikia kilio chake kana kwamba kinatoka mguuni. Daktari wa Napoli, Domenico Cotugno, aliandika kitabu kizima juu ya maumivu haya mwaka 1764, lakini ilipasa kungoja mpaka mwaka 1934 ndipo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walipoonyesha wazi kwamba diski iliyopasuka ndiyo mkosaji mkubwa.

Kwa nini basi kuinama kudhuru kuliko kubeba? Jibu limepimwa. Daktari Alf Nachemson wa Uswidi, katika miaka ya 1960, aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai ili ajue zinabanwa kiasi gani. Wajerumani walirudia kazi hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Walikuta kwamba mzigo wa kilo 20 ukiinuliwa kwa mgongo uliopinda, diski hubanwa zaidi ya mara nne kuliko mtu anaposimama wima mikono mitupu. Mzigo uleule ukishikwa karibu kabisa na kifua, hubanwa kama mara mbili tu. Uzito ni uleule, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni namna ya kuushika.

Wazee wa Kikonzo walilijua jambo hili bila sindano. Mzigo wao hukaa mgongoni ukishikwa na ukanda upitao kwenye paji la uso, karibu na uti wa mgongo, wala hauning'inii upande mmoja. Mwenye busara hauinui kwa mikono kutoka chini: huuweka juu ya gogo au ukingo, huchuchumaa mbele yake, hujifunga ukanda, kisha husimama kwa nguvu za mapaja huku mwenzake akiuegemeza kwa nyuma. Vijana wanaoona haya kusaidiwa kusimama ndio wanaolala chini mapema.

Kilo 20, kwa bahati, ndio uzito wa dumu la lita 20 lililojaa maji, na hilo halihitaji mlima wowote. Mama wa Bwera anayeteka maji huinama akalishika dumu moja kwa mkono mmoja, akalibeba hatua mia mbili akiwa amepinda kama mti ulioelemewa na upepo. Madumu mawili ya lita kumi, moja kila upande, humpa maji yaleyale bila kuupinda mgongo. Kisha hurudi nyumbani akafagia kwa ufagio mfupi, akafua nguo katika beseni lililo chini, akapalilia kahawa kwa jembe la mpini mfupi, na mchana kutwa hakupata kusimama wima hata robo saa. Ufagio wenye mpini mrefu hugharimu fimbo moja tu. Beseni likiwekwa juu ya meza au kiti, mfuaji husimama sawasawa. Haya ni mambo madogo, na yawezekana ndiyo sababu waume hawayatilii maanani mpaka siku mama anaposhindwa kuinuka kitandani.

Mama mjamzito naye hupatwa zaidi, kwa kuwa tumbo huuvuta uti wa mgongo mbele na viungo vya nyonga hulegea. Kulala ubavu, mto ukiwa baina ya magoti, humpunguzia. Asimeze kidonge chochote cha maumivu pasipo kumwuliza mkunga, kwani baadhi ya vidonge vinavyouzwa madukani humdhuru mtoto aliye tumboni.

Askari ana maadui wake mwenyewe. Shanta lililofungwa vibaya, zito upande mmoja, hupinda kiuno kwa kila hatua. Vitu vizito vikae juu na karibu na mgongo, na mikanda yote miwili ivaliwe. Polisi wa barabara ya Mpondwe asimamaye lindoni saa nyingi hufaidika akipandisha mguu mmoja juu ya jiwe, kisha mwingine, akapokezana. Dereva wa lori na mwendesha bodaboda hukaa wakitikiswa mchana kutwa, nyama za kiuno zikalegea na diski ikabaki peke yake kuupokea mtikisiko; akisimama kila baada ya saa moja au mbili akatembea kidogo, amejisaidia kuliko kwa dawa nyingi. Na ile pochi nene katika mfuko wa nyuma, ambayo kwa wengine ni dalili ya cheo, humfanya mtu akae upande mmoja ukiwa juu na kuugandamiza mshipa uleule. Ihamishiwe mfuko wa mbele, ambako hata mwizi wa gulioni hupata taabu kuifikia. Sigara nayo imo katika orodha hii, ingawa wengi hawaamini: huzidhoofisha diski kwa kupunguza damu inayozilisha.

Katika kambi yoyote kuna neno ambalo askari mwenye maumivu haya huliogopa kuliko maumivu yenyewe, nalo ni kwamba anakwepa zamu. Jeraha lake halionekani, hana bandeji, na jana alikuwa akicheza mpira. Tabibu ana njia nyepesi ya kujua. Humlaza chali, akauinua mguu wenye maumivu ukiwa umenyooka. Kama mshipa umebanwa, kabla mguu haujasimama wima maumivu hupiga kutoka kalio hadi chini ya goti. Kipimo hicho hubeba jina la Mfaransa Lasègue. Kamanda aliyekijua hatamwadhibu mtu mwenye diski iliyotumbuka.

Lakini hatari iliyo mbaya kuliko zote hutoka kwa mtu anayekusudia kusaidia. Mgonjwa huenda kwenye duka la dawa, huomba sindano ya diklofenaki, na muuzaji asiye na mafunzo humdunga katikati ya kalio, yaani juu ya mshipa uleule unaouma. Sindano ikiupata, mguu huweza kupooza. Uganda inaijua habari hii kwa uchungu: miaka mingi watoto wenye malaria walidungwa kwinini kwenye kalio, na madaktari waliandika juu ya watoto walioanza kuburuta mguu baada ya sindano moja. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza artesunate badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na ikibidi kudunga nyamani, paja la mbele ndilo mahali salama zaidi. Mzazi ana haki ya kumwambia mdungaji hivyo, wala si utovu wa adabu. Kwa maumivu ya siatiki yenyewe, sindano haina sifa ambayo kidonge hakina. Ibuprofeni inyweshwe baada ya chakula, kwa siku chache, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aiache.

Baada ya dawa huja suala la kulala. Zamani madaktari wenyewe waliamuru majuma mawili kitandani. Mwaka 1999 Waholanzi walichapisha habari za wagonjwa 183 wa siatiki: nusu walilazwa majuma mawili, nusu waliendelea na shughuli zao kwa kadiri ya uwezo. Baada ya majuma kumi na mawili, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Waliolala hawakupata faida yoyote, isipokuwa kukosa kazi. Siku moja au mbili za kulala huku magoti yameinuliwa juu ya mto zinatosha. Baada ya hapo mgonjwa atembee taratibu, mara nyingi kwa siku, kila mara mwendo mfupi. Kitanda cha kamba kilicholegea kama chandarua kikazwe, lakini sakafu tupu nayo haina sifa; godoro la ugumu wa kadiri ndilo bora.

Yako maumivu yasiyongoja. Mtu akishindwa kukojoa au akijikojolea bila kujua, akipata ganzi mahali ambapo mpanda baiskeli hukalia, au miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku ileile, iwe Bwera, Kagando au Kilembe, maana baada ya siku chache upasuaji hautarudisha kilichopotea. Unyayo unaoburuta chini pia ni jambo la haraka. Na mgongo unaouma usiku pamoja na homa, jasho na kukonda huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, au homa ipatikanayo kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa; hayo hayaponi kwa kukandwa.

Mchukuzi wa Ibanda aliyepata nafuu hana budi kuizoeza nyama ya tumbo na kiuno kabla ya kurudi njiani. Hulala chali magoti yakiwa yamepinda, huinua kiuno kutoka ardhini, hukishikilia akihesabu mpaka kumi, hukishusha, akarudia mara kumi asubuhi na jioni. Safari yake ya kwanza huwa ya nusu mzigo, mpaka Nyabitaba na kurudi, na anayepanga wachukuzi huambiwa sababu yake mapema, mzigo usiwe umekwisha kufungwa.