Kazi ya Serikali Si Hisani ya Mkubwa

Wako wananchi wanaodhani kwamba mapambano ya kuleta vyama vingi yalihusu kura na viti vya Bunge peke yake. Sisi hatukubaliani nao. Tunashikilia kwamba uchaguzi hauwezi kuwa huru, wala huduma ya umma haiwezi kuwa ya haki, katika nchi ambayo muuguzi, karani au mwalimu hana hakika kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Mtu anayeogopa kunyang'anywa riziki yake hawezi kumwambia mkubwa ukweli. Kwa sababu hiyo, mishahara, marupurupu, pensheni na masharti ya kazi ya watumishi wa umma ni suala la katiba kabla ya kuwa suala la fedha. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza ndugu zetu wa Kisii na Nyamira, wanaharakati na waumini wa makanisa yote.

Tuanze na sheria ilivyokuwa. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 25, ilisema kwamba kila mtu mwenye cheo katika utumishi wa Jamhuri alikishika kwa hiari ya Rais, isipokuwa pale Katiba yenyewe ilipoweka kinga maalumu. Maneno hayo yalirithiwa kutoka kwa wakoloni, ambao nao waliwahesabu watumishi wote kuwa watumishi wa mfalme. Mwaka wa 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali waliondolewa kinga ya kazi zao. Mwaka wa 1988 zamu ikawafikia majaji na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka wa 1990, baada ya kelele za mawakili na makanisa. Ikiwa jaji mwenyewe aliweza kuachishwa kwa hiari ya mtu mmoja, karani wa Nyamira angelindwa na nani?

Watumishi walikuwa na ngao moja tu, nayo ni chama chao cha wafanyakazi. Mwaka wa 1980 ngao hiyo ikavunjwa. Chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku pamoja na kile cha wahadhiri wa vyuo vikuu. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1982, Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tunawaomba wasomaji waangalie mpangilio huo kwa makini: watumishi walinyamazishwa kwanza, kisha wananchi wote wakafuata. Ulipofika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka wa 1988, ambao Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limeupinga tangu mwaka wa 1986, waliokabidhiwa kuhesabu watu mistarini walikuwa maofisa wa utawala, watu wasio na chama cha kuwatetea wala katiba ya kuwakinga. Hatusemi kwamba kila mmoja wao alikuwa mwovu. Tunasema kwamba mfumo uliwafanya wanyonge mbele ya amri, na mnyonge akiamrishwa kuita wachache wengi, huita.

Kifungu cha chama kimoja kilifutwa mnamo Desemba 1991. Watumishi wa serikali, hata hivyo, walingoja miaka mingine 10 kabla ya chama chao kuandikishwa tena mwaka wa 2001. Katiba ya mwaka wa 2010 ndiyo iliyokata mzizi wa jambo lenyewe. Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira bora ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Ibara ya 236 inakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ya kutimiza wajibu wake, au kufutwa kazi bila kufuata taratibu za sheria. Ile hiari ya mkubwa ikazikwa katika maandishi. Swali letu ni hili: je, imezikwa pia katika ofisi na zahanati zetu?

Tutazame mfano mmoja ambao kila mkaazi wa Gusii anaweza kuuthibitisha katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, Serikali ya kitaifa iliajiri maelfu ya wauguzi, maofisa wa kliniki, wahudumu wa maabara na wengineo kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya Mpango wa Afya kwa Wote, wakatawanywa katika kaunti zote 47. Walifanya kazi ile ile iliyofanywa na wenzao wa kudumu, katika wodi zile zile, kwa zamu zile zile za usiku. Walilipwa pungufu, bila marupurupu kamili na bila pensheni. Mikataba ilipokwisha ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena. Mwaka wa 2025 wafanyakazi hao walipiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi kwa majuma mengi, wakidai ajira ya kudumu na kiinua mgongo chao. Mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba wahamishiwe serikali za kaunti.

Mtu akisoma habari hizo gazetini huenda akaona ni ugomvi wa mishahara kama ugomvi mwingine wowote. Na aizingatie hali ya mkataba yenyewe. Mwajiri wa mkataba mfupi hahitaji kumfukuza mtu. Husubiri tu siku zimalizike. Hahitaji kutoa sababu, wala kumsikiliza mshtakiwa, wala kufika mbele ya mahakama. Kwa njia hiyo ile hiari iliyofutwa katika Katiba hurudi kupitia mlango wa nyuma, safari hii ikiwa imevaa joho la mkataba. Muuguzi wa namna hiyo akiona dawa za umma zikipakiwa usiku katika gari la mtu binafsi, atasema? Akiagizwa kuhudhuria mkutano wa siasa akiwa na sare ya kazi, atakataa? Wachache mashujaa watakataa. Taifa halijengwi kwa kutegemea kwamba kila muuguzi atakuwa shujaa.

Hasara hiyo inalemea zaidi katika nchi yetu ya milima. Kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, na kila mmoja wetu anajua jinsi mashamba yalivyokatwakatwa kati ya ndugu hadi kipande kimoja hakitoshi migomba, chai na ng'ombe mmoja. Mahali kama hapo mshahara wa mtu mmoja hulipa karo ya watoto wa nyumba tatu, hununua dawa ya nyanya na kumzika mjomba. Mshahara huo ukiwa wa mashaka, ukoo mzima huishi kwa mashaka. Benki na vyama vya akiba hukopesha kwa kutazama muda uliobaki katika mkataba. Anayebakisha miezi minne hapati mkopo wa kumalizia nyumba, hata kama amehudumu miaka mitano bila lawama.

Kuhusu uzee, wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tangu Januari 2021 watumishi wa kudumu wa Serikali ya kitaifa waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 wamo katika mpango mpya wa pensheni, ambapo mfanyakazi huchanga asilimia 7.5 ya mshahara wake baada ya kupandishwa kwa awamu, naye mwajiri huchanga asilimia 15. Hilo ni jambo jema. Lakini aliyeajiriwa kwa mkataba alibaki nje ya mpango huo. Amechumia juani kama wenzake, ila kivuli hakupandiwa.

Kuhamishiwa kaunti si mwisho wa safari. Kwa miaka kadhaa Serikali ya kitaifa na zile za kaunti zimevutana juu ya nani awalipe wahudumu wa afya, na fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Isitoshe, ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeonyesha mara nyingi kwamba baadhi ya kaunti nchini hukata fedha za pensheni kutoka mishahara na kutozipeleka kwa mifuko inayohusika. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, ambayo yenyewe inasema inaifunga Serikali pia, inamwamuru mwajiri kuwasilisha alichokata, na kutofanya hivyo ni kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika katika miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Inaamuru pia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Upungufu wetu, basi, si wa sheria. Ni upungufu wa watu wa kuidai.

Tumewasikia wanaotujibu kwamba gharama ya mishahara ya umma imekuwa mzigo usiobebeka, na kwamba kanuni za fedha haziruhusu kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Fedha zikiisha kwa mishahara, barabara ya Bobasi haitengenezwi wala zahanati ya Borabu haipati dawa. Lakini tunauliza: kisu cha kupunguza gharama huanzia wapi? Mbona kinaanza na msichana anayezalisha akina mama kwa mwanga wa tochi, kabla ya kuwafikia washauri, madereva wa misafara na walioandikwa kwa sababu ya udugu? Mwenye nia ya kupunguza mzigo huanza kwa kutangaza hadharani orodha ya watumishi wote, vyeo vyao na namna walivyoajiriwa. Anayeficha orodha hana haki ya kulalamika kwamba ni ndefu.

Kuna pia wanaosema kwamba mgomo ni dhambi kwa sababu mgonjwa huteseka. Mateso hayo ni ya kweli. Wagonjwa waliteseka katika mgomo wa madaktari wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017 kwa makubaliano yaliyoandikwa. Wakateseka tena katika mgomo wa siku 56 wa mwaka wa 2024, ambao kiini chake kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi yaliyokwisha kukubaliwa mwaka wa 2017. Ahadi ni deni. Aliyetia sahihi kisha akakataa kulipa ndiye wa kuulizwa kwanza juu ya mgonjwa aliyelala bila kuhudumiwa.

Kwa ndugu zetu waumini tunasema haya kwa heshima. Torati iliamuru kibarua maskini alipwe ujira wake kabla ya jua kutua. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kimesikika mbinguni. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka wa 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kupata ujira wa kutosha na kuunda vyama vyao. Basi madhabahu isiogope jambo hili kana kwamba ni siasa. Tena, kwa kuwa makanisa yetu nayo yana shule na hospitali, kila dhehebu lianze nyumbani: mpishi, mlinzi na muuguzi wa misheni wawe na barua ya kuajiriwa, na makato yao yapelekwe yanakotakiwa. Sauti ya anayetimiza haki nyumbani kwake husikika mbali.

Nini kifanyike? Kwanza, kila mtumishi wa umma, awe wa kudumu, wa mkataba au kibarua, adai barua ya kuajiriwa kwa maandishi na kuhifadhi hati zake za mshahara, kwani ndizo ushahidi wake mahakamani. Pili, ajiunge na chama cha kazi yake na kuhudhuria mikutano yake, maana chama kisichohudhuriwa hugeuka kuwa mali ya viongozi. Tatu, kamati za haki na amani za parokia na makundi ya wanaharakati yatumie Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21, kuziuliza serikali za Kisii na Nyamira maswali matatu: ni wahudumu wangapi wa afya walio katika mikataba, ni makato gani ya pensheni ambayo hayajawasilishwa, na yatawasilishwa lini. Nne, tuhudhurie vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Anayekuja kulia mwezi wa Julai huwa amechelewa.

Waliotutangulia walikataa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea huku mkubwa akiwatazama. Baadhi yao walifungwa, na wengine walipoteza kazi. Hatutawaheshimu kwa nyimbo peke yake ikiwa leo tunamwacha mhudumu wa zahanati apange foleni, mkataba mkononi, akingoja mkubwa amtazame kwa huruma. Ajira ya umma hulipwa kwa kodi ya wananchi na hulindwa na Katiba ya wananchi. Hakuna mkubwa aliyeitoa mfukoni mwake, basi yeyote asidai shukrani kwayo, na yeyote asitishiwe nayo.