Wimbledon: Usinitajie Bingwa, Nitajie Orodha

Kila Juni ikifika watu huniuliza: wewe mtu wa tarakilishi, nani atatwaa Wimbledon? Mimi huwajibu kwa hesabu.

Wachezaji ni 128, na ukishindwa mara moja unafunga virago. Bingwa lazima ashinde mechi 7 mfululizo. Haya, tuseme mchezaji wako ni moto wa kuotea mbali: ana nafasi ya asilimia 80 ya kushinda kila mechi. Andika 0.8 mara 7, uzizidishe zote. Unapata 0.21. Yaani huyo anayepigiwa upatu atalikosa kombe karibu mara 4 katika kila mashindano 5!

Mwaka 2001 Goran Ivanišević, aliyekuwa wa 125 duniani, aliingia kwa mwaliko maalum akaondoka na kombe.

Kwa hivyo utabiri wa haki ni orodha ya watu kama sita, kila mmoja na asilimia yake, ukipima anavyocheza kwenye nyasi. Anayekuapia jina moja ili uweke kamari pesa za kodi ya nyumba anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Je, orodha yako ina nani?