Watenganisheni Wazee wa Mitishamba na Matapeli wa Mabango

Watu wangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo nina neno na Wizara ya Afya. Mkikereka semeni.

Shuka feri upande wa Likoni, hesabu nguzo za stima mpaka Mtongwe. Kila nguzo ina karatasi: daktari kutoka Tanga, daktari kutoka Pemba, arudisha mpenzi, ashinda kesi, na presha na sukari zapona hapo hapo. Sasa katafute mzee anayejua miti kikweli. Hana karatasi kwenye nguzo. Utamkuta barazani na shubiri yake, mizizi yake na majani ya muarobaini, na kabla hajakupa kitu atakuuliza mpaka uchoke: walala vipi, choo kikoje, hospitali wamekwambiaje. Wapo wanaokwambia wazi, hii si yangu, nenda hospitali.

Mbele ya serikali hawa wawili ni kitu kimoja. Hapo ndipo nashikwa na hasira.

Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 74, yaiambia wizara itunge sera ya kuongoza tiba asili. Cha 75 chasema Bunge liunde chombo cha kuisimamia. Vinavyofuata vinataja viwango vya dawa, na mwongozo wa mganga kumpeleka mgonjwa hospitali. 2017! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule saa hii anasoma na kuandika. Chombo chenyewe bado. Miaka yote hii mganga akitaka kutambuliwa anaelekezwa kwa watu wa utamaduni. Yaani mtu akupe kitu ukinywe, kipite kwenye ini na figo zako, na cheti chake kimetoka ofisi ya ngoma na maonyesho. Jamani.

Huu ugonjwa tumeurithi. Mkoloni alituachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, na tangu hapo mganga na mchawi wametiwa kapu moja. (Hapo Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kisa ni shamba. Hilo nitalirudia siku nyingine.)

Kuna watakaosema miti haijathibitishwa. Kweli, mingi haijathibitishwa. Basi ipimeni! Vile vidonge vya manjano vya malaria unavyopewa zahanati, asili yake ni mmea ambao Wachina waliutumia karne nyingi. Serikali yake ndiyo iliyomkabidhi Tu Youyou kazi ya kuuchunguza, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Na Kenya hii hii, magome ya mueri yamesafirishwa Ulaya miaka na miaka kutengenezea dawa ya tezi dume, mpaka mti wenyewe ukawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa. Mzungu akiutia kwenye kichupa ni dawa. Mzee wa Mtongwe akichemsha mti wake ni ujinga.

Vuka mpaka wa Lunga Lunga tu. Watanzania wana sheria ya tiba asili tangu 2002, wana baraza linalosajili waganga, na Muhimbili walianza utafiti wa miti mwaka 1974. Si malaika. Mwaka 2011 tuliona kikombe cha Babu wa Loliondo, shilingi 500 zao, foleni ya magari haina mwisho, na wagonjwa wengine wakaacha dawa zao za hospitali. Wakenya pia walikwenda. Lakini wao mganga akikuharibu wana pa kumshtaki. Sisi twaenda kwa nani, kwa chifu?

Kinachonitisha zaidi ni siri. Kuna mama mtu mzima huku kwetu Kisauni ana sukari. Asubuhi anameza vidonge, jioni anakunywa mchemsho wa majani. Kliniki akiulizwa, jibu lake ni moja: natumia zenu tu. Alisema ukweli mara moja akafokewa mbele za watu, hasemi tena. Sasa siku sukari ikishuka ghafla, daktari atakisia nini? Nawe unayesoma, angalia juu ya kabati la mamako. Hiyo chupa daktari wake anaijua?

Sisemi SHA ilipie mitishamba kesho asubuhi, SHA yenyewe bado twalia nayo. Nataka chombo kilichoahidiwa, na kiwe chini ya Wizara ya Afya. Anayesajiliwa aseme atumia mti gani na kipimo gani. KEMRI wana kituo cha tiba asili, wapelekewe miti ya Pwani, na mzee asiibiwe elimu yake, maana sheria ya kulinda maarifa ya jadi ipo tangu 2016. Wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe kuuliza habari za mitishamba bila kufoka. Na yule wa nguzoni anayeponya kansa kwa siku saba, huyo mahakamani.

Wabunge wetu wa huku ng'ambo, mmoja wenu aupeleke mswada. 2027 mtakuja kuomba kura kwenye nyumba hizi hizi, na chupa mtazikuta juu ya kabati.